Siku moja maishani mwangu: fundi wa milango, Lamu, na maumivu ya sakafu ya nyonga

Saa 10 na nusu alfajiri. Adhana bado, naskia punda tu huko uchochoroni, na kabla sijainuka kitandani nafanya lile la kwanza: mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, navuta hewa kwa pua taratibu mpaka tumbo lijae kama tanga likipata upepo, halafu naiachia itoke yenyewe bila kuisukuma. Mara kumi hivi, au kumi na tano nikiwa nimeamka vibaya. Pumzi ikiingia sawasawa ule msuli mkubwa wa chini ya mapafu unashuka, na misuli ya kule chini nayo inashuka pamoja nao na kulegea. Mwanzo nilikuwa siskii chochote, wallahi, kama sehemu ile si ya mwili wangu.

Kwa asiyejua naongelea nini, kule chini tunapokalia kuna misuli imetandwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, inabeba kibofu na utumbo, na inafunga na kufungua njia za haja, ndo hiyo inayoitwa sakafu ya nyonga. Mimi ni fundi wa mbao, nilipoelezwa nikakiona kitanda cha kamba. Kitanda kikiwambwa vizuri kinakubeba, kikilegea kinakuzamisha, lakini kikiwambwa kupita kiasi kamba zinakata na fremu inapinda. Changu kimewambwa kupita kiasi. Wanaume wanayo misuli hii na wanawake pia, nalisema hili kwa sababu nilipoanza kuumwa mwaka 2019 sikuwahi kuskia mwanamume yeyote akiitaja.

Chooni. Nyumba yetu ni ya zamani, choo ni cha kuchuchumaa, na alhamdulillahi kwa hilo maana kuchuchumaa kunafungua njia ya haja kubwa vizuri kuliko kukaa. Shida yangu ilikuwa ile ndogo. Nilikuwa nakaa humo robo saa, nakamua, nakohoa, nainuka nachuchumaa tena, kwa kuogopa tone libaki nguo iharibike na swala isiswihi, na ile hisia kwamba mkojo haujaisha kumbe inaletwa na misuli hiyohiyo iliyokaza na ukikamua ndo unaikaza zaidi. Nilimuendea sheikh mmoja kwa siri nikamueleza kila kitu. Akanambia ngoja kidogo, jitahirishe, rashia maji nguo yako utoke, hayo mengine ni wasiwasi usiyafuate. Maneno yale yalinisaidia kama dawa, sitii chumvi.

Swala ya alfajiri naswali msikitini, na kile kikao cha tahiyatu ndo kinaniuma, siku mbaya naswalia kwenye kiti. Ila sijida inanipumzisha. Nikirudi nyumbani nakaa hivyohivyo kwenye mkeka, magoti nimeyapanua, paji la uso chini, dakika tano, halafu nalala chali nashika nyayo magoti yakielekea kwapani. Fizio, mtaalamu wangu wa tiba ya viungo, ndo alinionesha.

Saa 12 na nusu chai, mahamri mawili na mbaazi, papai, na maji mengi. Tumbo likifunga siku nzima imeharibika, kwa hivo papai sikosi.

Saa 1 na nusu niko karakanani. Kijana wangu ameshafagia, "Sabalkheri ami," ameshanitolea meza. Hii meza ina kisa chake. Sisi tumefunzwa kuchonga chini, unakaa mkekani miguu umeikunja, ubao mbele yako, patasi na nyundo, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na nilikaa hivyo tangu nina miaka kumi na nne. Sa hii nachonga nimesimama, meza nimeiinua mpaka usawa wa kitovu, na kile kiti nikikikalia naweka mto wa sponji niliokata tundu katikati ili uzito uende kwa mifupa ya makalio usibonyeze pale pa katikati. Wazee wakipita wanauliza fundi mbona umesimama kama muuza duka, nawaambia mgongo. Zamani nilikuwa nawadanganya, siku hizi wengine nawaambia ukweli.

Leo ni mlango wa mbambakofi, oda ya nyumba moja ya Shela, kijiji cha jirani, niko kwenye maua ya ubao wa juu. Mbambakofi ni mbao ngumu, haikusamehi. Na hapa ndo nataka kueleza kitu ambacho kilinichukua muda mrefu kukijua: maumivu yangu yalikuwa yanakaa ndani ya kazi yangu. Siku ya pili kwa fizio alinambia hebu nioneshe unavyochonga, akanipa kalamu iwe patasi, akaweka mkono tumboni kwangu. Nikaanza. Akanambia simama, umeona? Nilikuwa nimeshika pumzi. Kila nikienda kupiga ua dogo nashika pumzi, nauma meno, na kule chini nafunga kama mtu anayezuia choo, kila pigo, mapigo sijui elfu ngapi kwa siku, miaka ishirini na tano. Hakuna aliyeniumiza, hakuna nilichoanguka nacho, ni kukaza tu. Kwa hivo sasa natoa pumzi wakati wa pigo. Kijana wangu namfunza hivohivo tangu mwanzo, haya mambo yasimfike.

Kengele niliyoitega kwa simu inalia kila nusu saa, naiacha patasi, natembea mpaka mlangoni, nazungusha nyonga, narudi.

Kufika saa 4 leo inaanza. Si kali, ni ile ya kama nimekalia mpira wa gofu, na moto kidogo kwenye ncha ya uume, kisha kinena cha kushoto kinavuta. Miaka ya nyuma hapa ndo ningeingiwa na hofu na hofu yenyewe inakaza zaidi. Leo naweka chombo chini, naegemea ukuta, pumzi.

Niseme nilikopitia maana najua yuko mtu anasoma na yuko palepale. Nyumbani walisema ngiri, kila mwanamume wa pwani akiumwa chini ya kitovu ni ngiri au mshipa, nikanywa mizizi miezi miwili. Hospitali moja wakasema ni maambukizi ya mkojo, nikapewa antibaotiki, siprofloksasini, wiki nne, nikapata nafuu siku chache ikarudi. Ya pili wakasema tezi dume limevimba, dawa nyingine. Mkojo ukaoteshwa maabara hakikuota kitu, picha ya tumbo safi, na bado nikaongezwa antibaotiki. Ya tatu nikaambiwa ni mawazo. Nauli, boti, basi, vipimo, niliuza pikipiki niliyokuwa nayo Mokowe, ng'ambo ya bara. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba madaktari wa Marekani mwaka 1999 walitoa mpangilio wa magonjwa haya ya tezi dume wa aina nne, na aina ya tatu ndo hii, maumivu sugu ya nyonga bila bakteria kuonekana, na ndo aina inayowapata wanaume wengi kuliko zile nyingine. Tangu 1999 jamani, na mimi 2021 bado nameza sipro.

Aliyenifungulia njia ni daktari mmoja Mombasa. Alivaa glavu akanipima kwa nyuma kama walivyonipima wengine, ila hakuishia kwa tezi, alibonyeza misuli ya pembeni, kulia, halafu kushoto, na kushoto nikapiga kelele maana yalikuwa ni maumivu yaleyale, mpaka ule moto wa kwenye ncha, akiyaleta na kuyaondoa kwa kidole. Tezi halina kitu, akanambia, ni misuli. Nililia pale kitandani. Kupewa jina la kinachokuuma ni kitu kikubwa.

Saa 5 natoka kwenda Shela kuchukua vipimo vya mlango wa nyuma. Vijana wa boti wananiita, nawapungia mkono napita. Spidi boti ikirukaruka kwa mawimbi kila pigo la ubao linaingia palepale, na punda nimeacha kumpanda kabisa. Natembea, kama kilomita tatu kwa ukingo wa bahari, na kutembea kwenyewe ni dawa, mikono imeachiwa, taya limeachiwa. Taya likikaza na huku chini kunakaza, jaribu utaona.

Adhuhuri, chakula, na saa 8 mchana beseni la maji ya moto, dakika kumi na tano. Nakaa humo na simu nikiongea na fizio, mara moja kwa mwezi tunaongea hivi kwa sababu kwenda Mombasa ni siku nzima kwa basi na kukaa kwenye basi ndo adui. Ananisomea maswali tisa ya ile fomu ya dalili, maumivu, mkojo, na maisha yanavyoathirika, jumla ya juu kabisa ni 43. Nilipoanza nilikuwa 31. Leo 13. Anasema hata kushuka sita tu ni nafuu ya kweli. Nimemuuliza tena kuhusu yale mazoezi ya kubana yanayosambazwa kwa WhatsApp ati kila mwanamume afanye, akanambia hapana, hayo ni ya misuli iliyolegea, wako umekaza, ukibana unazidisha. Nilishayafanya mwezi mzima 2020 na nilijuta.

Saa 10 alasiri nimefunga karakana. Maskani vijana na wazee wenzangu wameshakaa na miraa zao. Hili limeniuma kuliko mengine. Miraa inafunga choo na inabana mkojo, na unakaa saa tano barazani hujainuka, nikaiacha, lakini huwezi kuacha miraa ukabaki na wenzako vilevile, mazungumzo yote yako pale. Nasimama nao nusu saa na maji yangu, naenda.

Leo nikiondoka kijana mmoja wa majahazi akanifuata mpaka kona ya uchochoro. "Fundi, nataka kukuuliza kitu, lakini kibaki hapa." Nikajua kabla hajasema. Miezi minane, anaumwa chini, akikojoa bado anaona hajamaliza, amepewa sindano mara tatu, na ameoa mwaka jana na sasa anamkwepa mkewe kwa sababu baada ya tendo anaumwa mpaka asubuhi. Hajamwambia. Mkewe anadhani hapendwi. Nilimuuliza yale ambayo nami niliulizwa, kuna damu kwa mkojo, homa, kupungua uzito, mkojo kuziba kabisa? Maana hayo ni ya kukimbilia hospitali na si ya kuvuta pumzi. Hakuna. Nikamwambia aende apimwe vizuri kwanza, asiniamini mimi fundi, ila amwambie daktari abonyeze na misuli. Na usiku huuhuu amwambie mkewe. Aliniangalia kama nimemwambia aruke kutoka juu ya mnara.

Mimi mwenyewe nilimficha mke wangu miaka miwili. Nilikuwa nalala barazani, nasema joto. Siku niliyomwambia alinyamaza kidogo, akauliza kwa nini nilimuacha alie peke yake muda wote ule. Sina jibu mpaka leo. Sasa yeye ndo ananiwekea maji ya beseni, na yale mengine tunayaendea polepole, siku nikiumwa nasema naumwa na yeye haoni ni yeye.

Saa 3 usiku, mazoezi tena, ukutani na mkekani. Nusu saa kabla ya hapo nimemeza amitriptilini, miligramu 10 tu, daktari aliandika si ya huzuni bali ya kutuliza mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele, inanikausha mdomo na inanilaza. Misuli inalegea kidogokidogo, wiki hii vizuri, wiki ijayo pengine inarudi nyuma kwa sababu ya oda au ugomvi au baridi ya kusi, na nimeacha kuhesabu siku za kupona.

Namba ya fizio nimeiandika kwa karatasi nikaikandamiza na patasi pale juu ya meza. Yule kijana amesema atapitia asubuhi kabla maji hayajajaa.