Askari anapomkimbiza mtu kwa miguu

Kila ninapopita Kariakoo jioni, ambapo machinga, mikokoteni na bodaboda hugombania nafasi ileile, humfikiria askari anayelazimika kumkimbiza mtuhumiwa katikati ya umati huo akiwa na silaha. Mapigo ya moyo yanapopanda, macho yake hung'ang'ania mgongo wa anayekimbia, na mtoto anayetokea pembeni huenda asionekane kabisa. Kwa hiyo naamini mafunzo hayapaswi kuishia kwenye mbio na shabaha. Askari afundishwe kujiuliza, kabla ya hatua ya kwanza, kosa lenyewe ni zito kiasi gani, kama mtu huyo anajulikana na anaweza kukamatwa kesho kwake, na kama mwenzake yuko karibu. Azoezwe pia kutoa taarifa kwa redio huku akihema, na kupunguza mwendo kwenye kona ya uchochoro. Huko Chicago, baada ya polisi kumuua kwa risasi mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akikimbizwa mwaka 2021, sera ya mwaka 2022 ilikataza kumkimbiza mtu kwa sababu tu amekimbia. Hapa kwetu mazoezi hayo yafanyike katika vichochoro vya Manzese na Tandale, si uwanjani pekee, na askari anayeamua kusitisha mbio asiitwe mwoga na wakubwa wake.