Siku niliyowarusha sululu

Nimerudi nyumbani na matope hadi magotini, na jambo moja limegoma kunitoka moyoni. Naliandika kabla sijalala.

Asubuhi nilikwenda kwenye hifadhi ya ardhioevu iliyo pale mto unapoingia baharini. Nilijihimu ili niwaone ndege kabla ya jua kali, ila sikutazama jedwali la maji. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na nilifika maji yamekupwa hadi mwisho wake. Mbele yangu lilikuwa tope tupu, linang'aa, limechanjwa na vijito. Mbali kabisa, mbali hata kwa darubini, palikuwa na vitone vinavyotembea. Hao ndio ndege niliowafuata.

Mlinzi wa hifadhi akaniambia ningoje, maji yatawaleta yenyewe. Maji yakipwa wao hutawanyika kula. Yakijaa huwasukuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ukingo wa changarawe, ambako hukaa pamoja kupumzika. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei. Nikaingia kibanda cha kutazamia ndege, nikakaa.

Ukikaa mbele ya tope muda wote huo, linaanza kujieleza. Kwanza harufu, ile ya yai viza: chini ya utando mwembamba wa juu hakuna hewa, na bakteria wanaoishi humo ndio wanaotoa gesi hiyo. Kisha unakumbuka kwamba udongo huu si wa hapa. Mto umeubeba kutoka bara, ukafika hapa ukaishiwa kasi, ukakutana na chumvi. Chembe zilizokuwa zikielea peke yake zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Tope lote hili limejengwa hivyo, chembe juu ya chembe. Na limejaa uhai. Kila kishimo kina mwenyewe. Karibu na kibanda niliona vinyesi vya minyoo vimejiviringa kama uzi, na konokono wadogo kama punje za mchele, wengi mno kuhesabika.

Halafu watu wanaliita tope ardhi iliyokaa bure! Neno hilo linaniuma. Huko Saemangeum, Korea Kusini, ukuta wa bahari wa kilomita zipatazo 33 ulizibwa pengo lake la mwisho mwaka 2006, ukayafungia maji nje ya matope ambayo maelfu kwa maelfu ya ndege wahamaji walikuwa wakiyategemea kwa chakula safarini. Tope lisilofikiwa na maji hukauka, na walio ndani yake hufa. Ndege akishuka pale baada ya safari ndefu hana cha kula.

Maji yalikuja kimya, kwa njia ya vijito kwanza. Vitone vikawa vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama. Nyuma yao sululu, ndege wakubwa zaidi wenye mdomo mrefu uliopinda kama ile sululu ya mchimbaji. Niliwatazama wakiuzamisha wote kwenye tope wasiloona ndani yake. Ncha ya mdomo huo ina hisi kali, inamtambua mnyoo kwa kugusa tu. Kufikia mchana walikuwa wamebanana kwenye ule ukingo mwembamba, maana bamvua haikuwaachia nafasi nyingine, wengi wamesimama kwa mguu mmoja, wameficha midomo mgongoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka picha ya karibu. Nikatoka kibandani, nikaiacha njia, nikapiga hatua kama ishirini kwenye tope. Sululu mmoja akainua shingo, akalia, na kundi zima likaruka kwa pamoja, likazunguka juu ya maji, likazunguka tena, lisipate pa kutua.

Mlinzi hakunifokea. Alisema: "Kila mgeni anawarusha mara moja tu. Wao wanarushwa kutwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifuata hadi hapa mezani. Kwa hawa, mafuta mwilini ndiyo safari yenyewe. Mwezi wa Oktoba 2022, ndege mmoja wa ukoo wa sululu, kinda wa miezi mitano hivi, alifuatiliwa kwa setilaiti akitoka Alaska, Marekani, hadi Tasmania, Australia: kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua hata mara moja. Kabla ya safari ya namna hiyo hula mpaka wakanona, na viungo vyao vya kusaga chakula husinyaa ili kupunguza uzito. Kila mzunguko angani unalipiwa kutoka akiba hiyo. Nami niliwatoza kwa ajili ya picha, ambayo hata haikutoka vizuri. Nimeifuta.

Wengi wao walirudi, baada ya muda ulionichosha kuutazama. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda, kamera imo mfukoni. Nilibaki hadi maji yalipoanza kupwa tena. Ukanda wa kwanza wa tope ulipochomoza, mwembamba kama kamba, sululu mmoja alishuka kutoka kwenye changarawe, akasimama kidogo, kisha akazamisha mdomo.