Bunduki Isiyo na Jina

Binti yangu amejua kusoma juzi juzi, na sasa chochote chenye maandishi hakipiti bila kusomwa. Jana alisimama chini ya ule ukuta wangu akazisoma bunduki za kuvulia samaki moja baada ya nyingine: Cressi, Nemrod, Mares. Beuchat ilimtoa jasho kidogo. Alipofika ya mwisho, ile inayong'aa kuliko zote, akanyamaza.

"Baba, mbona hii haina jina?"

Ilikuwa nalo.

Ilinifikia ndani ya sanduku la makorokoro, siku zile nilipokuwa na mwaka mmoja tu katika ugonjwa huu wa kukusanya vyuma vya watu. Nilikuwa nimeshakariri mambo mawili matatu nikajiona fundi. Kwamba ukiona mtutu mrefu, mwembamba, wenye matundu ya kutolea maji, hiyo huenda ni ya springi, ukoo wa zile alizobuni Kramarenko kule Nice, Ufaransa, miaka ya 1930. Kwamba ya hewa huijua kwa bomba lake nene, maana mshale unaposukumwa ndani huirudisha pistoni nyuma na kuibana hewa. Hii yangu ilikuwa ya mpira. Na mipira haitoi ushahidi wowote: huoza, watu hubadilisha. Mshale nao hupotea, ukawekwa wa bunduki nyingine. Hata kishikio cha hii kilikuwa cha kuazima, skrubu zake hazikulingana. Kilichobaki cha asili ni bomba tu, limejaa chumvi na uchafu mweusi.

Basi nikachukua siki na msasa laini.

Nakumbuka sauti ile kuliko kitu kingine. Shii, shii, shii, na maji ya kijivu yakichuruzika hadi kwenye viwiko. Nilikuwa napiga mluzi. Alumini ilianza kutoka chini ya uchafu kama mwezi, nami nikazidi kukaza mkono, nikisugua kwa mizunguko midogo kama anayeosha masinia. Kisha, karibu na kishikio, maji yakageuka bluu. Bluu kidogo sana. Nikajiambia ni kutu (kutu ya bluu, kwenye alumini!) nikapitisha msasa mara mbili zaidi. Niliposuuza ndipo nikaona upinde mmoja wa rangi, mfano wa herufi C, na baada yake alama hafifu za kitu kilichokuwa kikiendelea kuelekea mdomoni. Nikaweka kidole gumba juu yake, sijui kwa nini, labda kuizuia isiondoke. Nilipokiondoa kidole, upinde ulikuwa umehamia kwenye ngozi.

Mengine hayana maana. Nilikaa sakafuni. Niliwaonyesha picha wazee wa kazi hii, mmoja akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kukusanya stempu.

Tangu siku hiyo naishi na herufi moja. C ya Cressi, iliyoanza Genoa mwaka 1946? Au C ya Champion, ile ya René Cavalero wa Marseille? Kuna miezi ninayoamini ni Champion, na nikijichunguza naona ni miezi ambayo nimeona Champion nzuri kwa mtu mwingine. Siku hizi chombo kikiniingia mikononi kinakaa na uchafu wake mpaka nikipige picha kila upande, na mke wangu ana maoni yake kuhusu harufu.

Nilimsimulia binti haya yote, kwa kifupi. Akaukunja uso.

"Sasa ulijuaje kuwa ni C? Labda ilikuwa O, ukaikata nusu."

Miaka yote hiyo, O haijawahi kunijia kichwani. Usiku nimeishusha ukutani, nikaigeuzageuza chini ya taa.