Mizani ndiyo iliyonifunza kukausha nyama (na kuoka mkate)

Watu wa "weka chumvi kwa jicho" waniwie radhi, leo nina la kusema. Mmoja wao, anayejiita fundi wa nyama za kukausha, aliniambia nifukie kipande kizima cha paja la ng'ombe ndani ya chumvi na kukiacha humo mpaka kiwe tayari. Tayari lini? Hakusema. Nilipokifukua kilikuwa kimekakamaa kama kisigino cha kiatu. Nikakiloweka usiku kucha, nikamwaga maji, nikaloweka tena, na bado ulimi ulikunjamana kabla jino halijazama. Nikakitia kwenye maharage ili chumvi ipungue. Maharage nayo yakaharibika. Nilipomrudia fundi, akaniambia bila wasiwasi kwamba nyama ya kukausha ndivyo ilivyo.

Sivyo ilivyo! Siku hizi napima nyama kwanza, kisha chumvi: asilimia 3 ya uzito wake, yaani gramu 30 kwa kila kilo. Nasugua, natia kwenye mfuko, nakamua hewa, naweka kwenye friji na kuugeuza nikikumbuka. Uzuri wake ni kwamba hata ukisahau wiki nzima, nyama haizidi chumvi, maana hakuna nyingine ya kuinywa. Ndani ya zile gramu 30, gramu 2.5 ni chumvi ya waridi, ile yenye naitraiti asilimia 6.25, inayozuia bakteria wa sumu ya botulizimu. Hiyo inataka mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu. Akitokea mtu wa kukwambia uiongeze kidogo "kwa usalama", mkimbie. Ikizidi ni sumu. Imetiwa rangi ya waridi makusudi, isije ikamwagwa mezani kwa bahati mbaya.

Kutundika ndiko kulikonipa kiburi. Hewa ikiwa kavu mno, nje ya nyama hugeuka gamba, maji yakafungiwa ndani, na katikati ikaoza huku wewe unaisifu. Ikiwa na unyevu mno, ukungu. Nikachukua friji kuukuu, nikaiwekea kidhibiti joto ibaki kwenye nyuzi 13 hivi, na chini nikaweka bakuli pana la chumvi iliyoloweshwa ikawa uji mzito. Chumvi ya hivyo huvuta unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua, na ndani ya kabati lililofungwa huelekea asilimia 75, ambayo ndiyo nyama inayoitaka. Yaani chumvi yote ile ya fundi hatimaye ilipata kazi!

Kwenye kila kamba nafunga kikaratasi chenye namba mbili, uzito wa kuanzia na wa kumalizia kwa gramu, mathalani 1000, halafu 650. Nyama ikifika uzito wa pili, imeiva. Msinihesabie wiki; kalenda haijui kipande chako ni kinene kiasi gani. Ukungu mweupe wa ungaunga nauacha. Nikiona wa kijani, nafuta kwa kitambaa chenye siki. Mweusi, natupa nyama, sibishani. Haya yote ni ya kipande kizima. Nyama ya kusaga ina sheria zake na hatari zake.

Mkate nao una mafundi wake, wale wa "kanda mpaka mikono iume". Mimi sikandi. Unga gramu 500, maji 350, chumvi 10, hamira robo kijiko cha chai. Changanya kwa mwiko, funika, kalale. Maji na muda vyenyewe vinaunganisha gluteni, ile protini ya unga inayoshikanisha donge, na hamira kidogo ikifanya kazi polepole ndiyo inayoleta ladha. Asubuhi donge limejaa mapovu na linanuka uchachu mtamu.

Oka ndani ya sufuria nzito ya chuma iliyokwisha kupata moto kwenye oveni ya nyuzi 240. Mfuniko unafungia mvuke wa donge lenyewe, ngozi inabaki laini, na mkate unapata nafasi ya kuinuka kabla ganda halijakaza. Baada ya nusu saa funua, uachie rangi. Ukiutoa, tega sikio: ganda linapasuka taratibu, tik, tik, tik.

Usiukate ukiwa moto, ndani bado kunajipanga na utapata kitu cha kunatanata. Nyama ikate nyembamba mpaka kisu kionekane upande wa pili, kwa kukingama na nyuzi zake, na uiache nje ya friji kidogo mafuta yalainike. Chini yake siagi tu. Na mkate ukatwe kwa kisu chenye meno. Kile cha nyama kinaubonyeza.