Jinsi nilivyotatua: mteja anayetaka kulipa asilimia ya ruzuku

Ninaandika maombi ya ruzuku kwa niaba ya wateja, na dalili ni ile ile: "Andika kwanza, tukipata ruzuku utachukua asilimia 10." Kupunguza asilimia hakukusaidia. Kutoza kwa saa nako kulimtia mteja hofu ya bili isiyo na kikomo. Tena maadili ya Grant Professionals Association, chama cha wataalamu wa ruzuku, yanakataza malipo ya asilimia, na wafadhili wengi hawaruhusu ruzuku ilipie kazi iliyofanywa kabla haijatolewa.

Kilichofaa ni bei moja ya kazi nzima. Soma mwongozo wa mfadhili, kadiria saa, kisha gawa: nusu mkataba ukisainiwa, robo rasimu ya kwanza, robo rasimu ya mwisho. Hiyo robo ya mwisho ndiyo yenye mtego: ifunge kwenye kukabidhi rasimu, si kuwasilisha ombi. Mteja akikosa kiambatisho kimoja tu, ombi haliendi, na hela yako inakwama nalo.