Nilivyojenga mkusanyo wangu wa alama za sare za jeshi la Kaiza

Nilipoanza kukusanya alama za sare za kijeshi za Ujerumani, wakati huo nikiwa mkazi wa Leipzig, jambo la kwanza lililonilazimu kuamua lilikuwa ni enzi. Vitu vya Wanazi nilivitenga tangu mwanzo, kwa kuwa sitaki kukaa navyo nyumbani, na pia kwa kuwa vya kughushi ni vingi mno. Isitoshe, kifungu cha 86a cha Sheria ya Jinai ya nchi hiyo kinakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa madhumuni kama elimu, utafiti na sanaa, ndiyo maana wauzaji kwenye masoko ya vitu vya kale huifunika kwa stika. Alama za jeshi la Ujerumani Mashariki, lililoundwa mwaka 1956 na kuvunjwa mwaka 1990, ni za bei nafuu, na kwa anayeanza huenda ndizo bora. Mimi hata hivyo nilivutwa na jeshi la Kaiza, mfalme mkuu wa dola ya Ujerumani, ile iliyotawala Tanganyika kabla ya Waingereza.

Nilianza na kokadi, yaani vile vidude vya mviringo vya bati vinavyopachikwa kwenye kofia. Tangu mwaka 1897 askari alivaa mbili: ya dola nzima, yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, na chini yake ya ufalme alikotoka ndani ya dola hiyo. Ya Prussia ni nyeusi, nyeupe, nyeusi; ya Bavaria ni nyeupe, buluu, nyeupe; ya Württemberg ni nyeusi, nyekundu, nyeusi. Aliyezijua rangi hizi hutambua mwenye kofia alitoka wapi hata kama jina lake limepotea.

Vipande vya mabegani vina habari nyingi zaidi, kwa sababu vingi vina namba ya rejimenti. Kabla ya sare ya kijivu ya mwaka 1910, rangi ya kitambaa chenyewe ilionyesha kikosi kikuu, yaani muungano wa rejimenti nyingi. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye ukingo mwembamba wa pembeni, hadi sare ya mwaka 1915 ilipowapa askari wa miguu wengi ukingo mweupe. Kwa hiyo namba, rangi na kitambaa lazima viafikiane, na visipoafikiana mimi hukirudisha kipande mezani bila kuuliza bei.

Uhalisi huutafuta upande wa nyuma. Kipande kimoja nilichonacho kina namba iliyotariziwa kwa sufu nyekundu, na mbele kimepauka karibu kufanana na majivu. Ukikifunua kwenye mkunjo wa mshono, unaiona rangi ya awali, kijivu chenye ukijani, ambayo jua halikuifikia. Tundu la kifungo limelegea upande mmoja tu, ule uliovutwa kila siku. Mghushi huchakaza kote kwa usawa. Tochi ya mwanga wa urujuanimno nayo husaidia, maana nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake, ingawa kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho hung'aa, hivyo siitegemei peke yake.

Metali siisugui kamwe. Sufu naihifadhi katika karatasi isiyo na asidi, baada ya kuigandisha kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa ili kuua mayai ya nondo.

Watu wa nyumbani huniuliza kuhusu vitu vya askari wetu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hao walivaa tarbushi yenye beji ya tai, na tepe nyekundu za cheo kwenye mkono wa kushoto, kuanzia cheo cha chini: ombasha moja, shaushi mbili, betshaushi tatu, soli nne. Tepe ni kipande cha kitambaa chekundu tu, ambacho fundi yeyote anaweza kukishona jioni moja, kwa hiyo sinunui isipokuwa iwe na picha au hati za familia ya mwenyewe. Mpaka sasa sijauziwa yenye vitu hivyo, na nafasi yake katika droo bado iko wazi.