Elfu hamsini za stendi ya Kange

Asubuhi moja ya mwezi Januari, katika stendi ya Kange jijini Tanga, nilimpa mtu nisiyemjua shilingi 50,000, kisha kwa karibu miezi mitatu nikawa namdai moyoni bila yeye kuwa na habari. Kuzitoa zile fedha kulinichukua chini ya dakika mbili. Kuziacha ziende ndiko kulikonishinda, na ndiko ninakotaka kukueleza.

Nilikuwa natoka Pangani kwa mama, ambaye alinikabidhi shilingi 180,000, sehemu ya mauzo ya nazi za shamba aliloliacha marehemu baba, ili zimsaidie mjukuu wake aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini mzazi yeyote aliyewahi kupokea fomu ya kujiunga anaijua ile orodha inayoambatana nayo: godoro la futi mbili na nusu, mashuka ya rangi maalumu, sanduku la chuma, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, Dar es Salaam, na orodha ile nilikuwa nimeipigia hesabu hadi shilingi ya mwisho.

Nikiwa kwenye foleni ya tiketi, alinijia baba mmoja wa umri kama wangu, amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita hivi. Alinisalimu kwa adabu, akaniambia kwamba mtoto alikuwa amelazwa siku nne, kwamba fedha zote zimekwishia hospitalini, na kwamba anaomba shilingi 20,000 wapate kufika kwao Lushoto. Juu ya mkono wa mtoto palikuwa na plasta, pale pachomwapo sindano ya dripu. Mtoto mwenyewe alikuwa anakula embe, wala hakuwa na haja na mazungumzo yetu.

Sikuuliza swali hata moja. Nilitoa noti tano za elfu kumi, zile ambazo watu wa mjini huziita wekundu wa Msimbazi, nikamtia mkononi. Yule baba alishtuka kabla ya kushukuru, nami nikageukia dirisha la tiketi haraka kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimefanya jambo la aibu.

Utingo wa basi letu alikuwa ameona yote. Nilipopanda aliniambia, huku anacheka, "Mzee, umepigwa." Hakusema kwamba anamjua yule mtu, alisema tu kwamba watu waliopungukiwa nauli hawakosekani stendi. Abiria wawili watatu wakacheka pamoja naye, nami nikacheka pia ili nisionekane mjinga, jambo ambalo hadi leo linanikera kuliko kicheko chao.

Safari ile niliifanya mahakamani. Tulipofika Segera nilikuwa nimekwisha kumtia hatiani: kwa nini asipige simu kwa ndugu zake wamtumie fedha, wakati siku hizi hata bibi kizee wa kijijini hutumiwa hela kwa simu? Tulipofika Mkata nikamwachia huru kwa sababu ya ile plasta. Kabla ya Chalinze nikakumbuka kwamba plasta huuzwa katika kila duka la dawa, nikamfunga tena. Halafu kulikuwa na ule mshtuko wake. Tapeli angepokea elfu hamsini kwa mshangao kama ule, au ule ndio ufundi wenyewe? Kila ushahidi niliouleta ulikuwa na sura mbili, na sikuwa na njia yoyote ya kumpata mtu huyo nimuulize.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nimeibiwa, kwa kuwa mwizi hulaumiwa yeye na aliyeibiwa huonewa huruma, lakini nilipomwona ameitandaza ile orodha ya shule mezani nilishindwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kama yule baba alikuwa mkweli. Aliuliza godoro litanunuliwa kwa fedha gani.

Swali lile lilinisaidia kuliko faraja yoyote ambayo angenipa, kwa sababu lilitenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyafunga fundo moja. Ukweli wa yule mtu haukuwa na jibu, na usingekuwa nalo hata nikikesha. Pengo la shilingi 50,000 lilikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa limekaa pembeni ya chumba likisubiri nilitie mafuta. Januari ni mavuno ya mafundi cherehani, maana kila mzazi anataka sare na anaitaka kabla ya Jumatatu. Nilikuwa nimekataa kazi kadhaa ili nisichoke. Nikawapigia wenyewe simu, nikashona sketi na kaptula hadi saa saba usiku kwa siku tisa. Sanduku la chuma tulilipata kwa jirani ambaye mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, tukalipiga rangi upya. Mtoto aliripoti shuleni na kila kitu kilichoandikwa, isipokuwa godoro lilikuwa la inchi nne badala ya sita. Hakulalamika, ingawa najua aligundua.

Nilidhani pengo likizibwa na shaka itakufa. Haikufa. Nikiwa nimeinama kwenye cherehani nilimkumbuka yule baba kwa uchungu, kana kwamba ni yeye aliyeniweka macho usiku ule, hadi siku moja nikajisikia namsimanga waziwazi, peke yangu, kwa sauti. Tangu madrasa tumefundishwa aya ya Suratul Baqara inayokataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Siku zote niliielewa kuwa inamhusu mtu anayemtangaza masikini mbele za watu, kumbe masimbulizi yangu sikuwa nimemtolea mtu yeyote, na bado yalikuwa yanaila sadaka yangu kama mchwa.

Ndipo nilipojiuliza kwa dhati ni kwa nini nilitoa hamsini kwa mtu aliyeomba ishirini. Ishirini ingekuwa nauli yake. Zile thelathini za juu zilikuwa zangu: nilizitoa ili nisiendelee kumtazama, na ili watu wa foleni wanione ni mtu wa namna gani. Kama ningekuwa namfikiria yeye, ningetoka kwenye foleni nikaenda naye kwenye basi la Lushoto, nikamkatia tiketi mbili, na shaka yangu ingeishia palepale dirishani. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka jambo liishe upesi. Kwa hiyo ile haraka ilikuwa yangu, na haikuwa haki kumdai yeye gharama zake.

Tangu hapo ninatenga fungu dogo la kutoa kabla ya kusafiri, na linakaa mfuko wa shati, mbali na fedha za nyumbani. Kinachotoka mfuko ule sikifuatilii. Shida ikiwa kubwa kuliko mfuko, nalipia kitu chenyewe, tiketi au dawa au chakula, la sivyo nasema pole, sina. Kusema "sina" huku nikiwa nazo bado kunaniwia vigumu.

Mwishoni mwa Machi nilirudi Pangani. Niliposhuka Kange nilisimama karibu na madirisha ya tiketi kwa kitambo kirefu, na ilinibidi nikiri kwamba nilikuwa namtafuta. Nilitamani kumwona akimwomba mtu mwingine nauli ya Lushoto. Nilitamani awe tapeli, ili nipumzike. Nilipojisikia natamani hivyo, nilichukua begi langu nikaenda kwenye gari la Pangani kabla halijajaa.

Jioni ile nilimweleza mama, kwa kuwa fedha zilikuwa zake na sikutaka azisikie kwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimweleza kuhusu plasta, utingo na godoro la inchi nne, nikangoja aniseme.

"Huyo mtoto," aliuliza, "homa ilikuwa imeshamshuka?"

Miezi mitatu nilikuwa nimemhukumu baba, na mtoto sikumfikiria isipokuwa kama ushahidi. Nilimjibu kwamba sijui, ila nilimwona anakula embe.

"Alikuwa analila vizuri?"

Nikamwambia ndiyo, alilila hadi kokwa.

"Basi alikuwa keshapona," mama alisema, akaendelea kukuna nazi yake.